Nilivyoihamisha Sauti ya Mama kwa Wapinzani

Sehemu ya sita

Wapo walioniandikia tangu wiki iliyopita. Mmoja kaniita nyoka. Mwingine, na huyo ana kipaji, kaniita funza wa ndani ya embe. Sikatai. Ila nawaomba matusi yaliyobaki myaweke akiba, maana ya wiki iliyopita yalikuwa rasharasha tu.

Kwa aliyetukuta njiani: mimi ni fundi wa sauti. Mimi na binamu yangu, mtoto wa mjomba, tulianzisha studio ya kutengeneza gemu, tukatoa mfululizo unaoitwa Mlango wa Saba, sehemu nne. Ni gemu ya nyumba isiyo na mwisho. Unafungua mlango huu unakuta jangwa, unafungua ule unakuta soko. Na kila mlango una kikongwe anayekupokea, anakutania, anakusimanga kidogo, halafu anakuonyesha njia.

Sauti ya kikongwe huyo ni ya mama yangu mzazi. Nilimrekodi mwenyewe, na nusu ya maneno yale hatukumwandikia. Yalimtoka tu.

Miaka miwili iliyopita akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukalala, ulimi ukalala. Sauti yake ikabaki ndani ya gemu.

Gemu yetu ilichezwa kwenye mashine moja tu, ile ambayo wachezaji wanaiita Kobe kwa sababu ya mgongo wake wa mviringo. Ya wapinzani wanaiita Tofali, na ukiiona hutauliza kwa nini. Wenye Kobe na wenye Tofali hawapikiki chungu kimoja. Nawajua ndugu wawili wa tumbo moja waliogawana chumba kwa pazia kwa ajili hiyo.

Wiki iliyopita niliishia pale Binamu alipotukusanya sote wanane akatutangazia kwamba sehemu ya tano itatoka kwenye Tofali, na Tofali peke yake. Kisha akanivuta pembeni akasema, "Bado sahihi moja. Ya shangazi."

Shangazi yake ndiye mama yangu.

Tukaingia chumba cha kurekodia. Kuta zake tulizifunika magodoro, hata ukikohoa kikohozi kinafia mdomoni. Binamu alikuwa anakula karanga, maganda anayatema kwenye kikombe changu cha chai. Chai ilikuwa bado imo.

"Sahihi ya nini?" nikamuuliza. "Mama hasemi hata neno. Atarekodi nini?"

"Harekodi kitu. Watu wa Tofali wana programu. Unailisha kanda zetu za zamani, inajifunza jinsi mtu anavyosema, halafu unaiandikia unachotaka nayo inasema. Sehemu ya tano, ya sita, hata ya kumi. Shangazi hata akituacha, Mungu apishie mbali, sauti ipo."

"Unalisema hilo huku unatafuna karanga."

"Ulitaka nilie? Wale watu hawaitaki nyumba, wanamtaka mwenye nyumba. Bila kikongwe hakuna mkataba."

Akanisukumia karatasi. Ilisema kwamba mama, kwa hiari yake na akili timamu, ameitoa sauti yake itumike milele. Neno lenyewe lilikuwa hilo, milele.

Chini yake kulikuwa na sharti lingine. Siku ya kutangaza, sehemu zote nne za zamani zitaondolewa kwenye Kobe. Si kuacha kuuzwa tu. Gemu yetu haifunguki mpaka ipige hodi kwanza kwenye seva ya studio, ile kompyuta inayoitambua kila nakala. Seva inayohudumia Kobe ikizimwa, gemu imekufa, hata kwa aliyeinunua tangu enzi hizo.

"Baba anacheza kwenye Kobe," nikasema.

Kwa kweli baba hachezi. Kila siku saa kumi alasiri anamsogeza mama mbele ya televisheni, anawasha, anasimama kwenye mlango wa kwanza. Haingii. Anamsikiliza tu kikongwe akimsimanga: umesimama kama nguzo, ingia au nenda zako, nzi wanajaa ndani. Baba anacheka, anamgeukia mama. "Unasikia unavyonisema?" Mama anatabasamu upande mmoja, ule wa kushoto.

"Mzee tutampelekea Tofali jipya," Binamu akasema. "Na wewe utakuwa mkuu wa sauti. Chumba chako mwenyewe, kuta za mbao. Utayasahau haya magodoro."

Msidhani nilikuwa na njaa. Sikuwa na njaa, dawa za mama zilikuwa zinanunulika, hakuna aliyenishikia kisu. Nilivitaka vile vibao vya ukutani. Basi. Ndicho nilichomuuzia mama.

"Na hapa pa shahidi?" nikauliza.

"Dada yako."

"Hatakubali."

"Nani kasema anaulizwa?"

Akaramba kidole chenye chumvi ya karanga, akafungua ukurasa, akaandika jina la dada yangu, akaliwekea sahihi yenye mikia mingi kama ya mkuu wa wilaya. Nikamtazama mwanzo mpaka mwisho. Nilichosema ni kwamba dada haandiki hivyo.

"Wao wanamjua?" akasema.

Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Nilichagua Jumamosi, saa tano asubuhi. Dada ni fundi cherehani, anaishi na wazazi, na saa hiyo yuko kibandani kwake mtaa wa pili. Baba Jumamosi huenda kunyolewa, na kinyozi wake ana mdomo, hamwachii mtu chini ya saa nzima.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, begani ana kitambaa cha kufutia mate. Aliponiona akainua mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mama."

Akafumba macho, akafumbua. Ndiyo marahaba yake siku hizi.

Nikamsomea karatasi. Niliisoma mbiombio, kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Nilipomaliza akatikisa kichwa kukataa. Nikajiambia hakuelewa. Nikaisoma upya, polepole, naye akatikisa kichwa polepole vilevile.

Alielewa kuliko mimi.

Nikatoa kikopo cha wino wa mhuri. Alipokiona, mkono wa kushoto akaukunja ngumi, akaufungia kifuani.

Basi nikauchukua wa kulia. Ule uliolala. Ule usioweza kukataa. Ulikuja mkononi mwangu kama nguo iliyolowa. Nikachovya dole gumba, nikaligandamiza kwenye karatasi. Ule wa kushoto ukanidaka kifundo, ukanivuta, na kwa mgonjwa una nguvu ajabu. Nikaukandamiza kwenye paja lake kwa kiwiko changu. Kwa kiwiko, jamani. Aliyeninyonyesha.

Hakulia. Alinitazama tu, kama anavyomtazama mgeni asiyemkumbuka vizuri.

Nikamfuta wino kwa kile kitambaa cha mate. Haukutoka wote. Nilikuwa bado nasugua nikasikia baba anavua viatu mlangoni. Kinyozi alikuwa na msiba, kafunga.

"Kidole kimekuwaje?"

"Kalamu imevuja, baba. Nilikuwa namwonyesha."

Hakuuliza zaidi. Akaleta beseni na sabuni, akaketi chini miguuni kwa mama, akaanza kumsugua kidole kwa kijibrashi cha kucha. "Pole, mama watoto," akawa anamwambia. "Huyu mwanao mchafu tangu zamani. Shule alikuwa anarudi na wino mpaka masikioni." Akanitazama anacheka, anasubiri nami nicheke.

Nikacheka.



Wiki tatu baadaye ikaja siku ya kutangaza. Asubuhi yake mchoraji wetu, mama mtu mzima aliyetuchorea gemu zote nne, alikuja ofisini, akafungua droo yake, akaanza kutia penseli kwenye mfuko wa sokoni.

"Unakwenda wapi, mama?" Binamu akamuuliza. "Gari linakuja saa nane kutuchukua."

"Nimechora milango mia nne," akasema. "Kama nilikuwa nachora ya kufungia watu nje, ungeniambia mapema, nikachore makaburi."

"Ni biashara tu, mama."

"Najua ni biashara. Na mimi sijakutukana. Nimechukua penseli zangu."

Akapita mbele yangu. Nilidhani ataniaga. Akasimama, akanusa hewa, akaendelea na safari yake. Mpaka leo sijui kama alinusa kweli au ni roho yangu iliyokuwa inanisuta.

Ukumbini walijaa. Safu za mbele watu wa Tofali, suti na harufu ya marashi. Nyuma wachezaji wetu, wengine wamevaa fulana zenye kobe mgongoni. Wote walijua tangazo linakuja, hawakujua ni lipi.

Binamu akapanda jukwaani na fulana yenye tofali kifuani. Huyuhuyu, miaka mitatu nyuma, ukumbi huohuo, alivaa ya kobe akala kiapo kwamba Mlango wa Saba hautahama kamwe, kwamba kobe hukaa ndani ya nyumba yake. Watu walimpigia makofi mpaka viganja vikawaka. Leo uso mkavu, hata jasho halimtoki.

"Tumehamia nyumba kubwa zaidi," akasema. "Kuanzia leo, Mlango wa Saba ni wa Tofali peke yake."

Mbele wakapiga makofi.  Nyuma, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akainua mkono.

"Na sisi tulionunua zote nne?"

"Mnakaribishwa kununua Tofali."

"Sijauliza cha kununua. Nauliza nilichokwisha kununua."

"Swali zuri," Binamu akasema, akageukia skrini. "Tutazame kionjo."

Taa zikafifia. Ukatokea mlango. Si wa mchoraji wetu, huu ulikuwa unang'aa kama sufuria mpya. Ukafunguka, kikongwe akatoka, na spika za ukumbi mzima zikaongea kwa sauti ya mama yangu.

"Umekuja na kobe, mwanangu? Mtupe huko nje jalalani. Humu wanaingia wenye tofali tu."

Halafu akacheka.

Mimi ni fundi wa sauti. Kicheko kile nakijua. Kilikuwa kwenye kanda ya sehemu ya pili, siku paka alipoangusha kipaza sauti, mama akacheka mpaka akashika mbavu. Walikikata palepale anapovuta pumzi, wakakigeuza kejeli. Wakawacheka nacho watu waliompenda miaka saba.

Safu za mbele zikaangua kicheko. Mtu mmoja wa suti akanigonga bega. "Hongera, mkuu wa sauti. Huwezi kujua kama si mtu."

Nikamwambia asante. Nililitamka neno hilo, nikalisikia likitoka kama mate ya asubuhi.

Yule mama mwenye mtoto hakupiga kelele. Alivua kofia yake yenye kobe, akaitazama, akaifutia pua ya mtoto, akaondoka.

Nilikimbilia nyumbani kwa wazazi, kufanya nini sijui. Nilifika saa kumi na nusu. Nikamkuta baba amepiga magoti nyuma ya televisheni, nyaya zote amezichomoa, amezipanga sakafuni kwa urefu. Mama yupo kwenye kiti chake mbele ya skrini nyeusi.

"Afadhali umekuja," baba akasema. "Nimeharibu mashine."

"Imekuwaje?"

"Nimewasha, ikaandika kitu. Nikazima, nikawasha, ikaandika kilekile. Nadhani jana nilipofuta vumbi niliingiza maji. Mama yako amekaa hapo anasubiri, naona haya hata kumtazama. Wewe ndiye fundi. Niangalizie."

Mngefanya nini? Mimi nilipiga magoti pale karibu naye. Nikachomeka nyaya moja moja, nikapuliza vitundu, nikajifanya natafuta hitilafu. Baba alinimulikia tochi. Nikawasha. Skrini ikaandika: Gemu hii haipatikani tena.

"Unaona?" akasema. "Ni yale maji."

"Huenda ni maji, baba."

Nilijiona kama kitu kilichokanyagwa chini ya kiatu.

Mlango wa nje ukafunguka. Dada, tepu ya kupimia bado shingoni, simu mkononi. Hakuvua viatu.

"Baba, inuka hapo," akasema. "Mashine haina ubaya. Sikiliza hii."

Akaiweka simu mezani. Kionjo kilikwishazagaa kila mahali. Sauti ya mama ikajaa sebule: mtupe huko nje jalalani. Kisha kile kicheko.

"Rudia," baba akasema.

Dada akarudia. Baba akaomba tena mara ya tatu, sikio amelisogeza, kama daktari anayesikiliza kifua.

"Huyu si yeye."

"Baba, ni sauti yake," nikasema.

"Nimekaa naye miaka arobaini na moja. Hajawahi kumfukuza mtu mlangoni. Hata yule shemeji mlevi alikuwa anampokea, anamtukana huku anampakulia." Akamgeukia mama. "Si wewe, eti?"

Mama akafumba macho. Safari hii hakuyafumbua haraka.

Dada alikuwa ananitazama mimi. "Nani aliwapa ruhusa?"

"Binamu ndiye anashughulikia mikataba."

"Sijakuuliza nani anashughulikia."

Simu yake ikaita pale pale mezani. Namba ngeni. Akaiweka sauti ya nje. Alikuwa mwanasheria wa Tofali, mwanamke, anaongea kwa adabu na haraka. Wachezaji wamelalamika, akasema, wanadai yule bibi ni mgonjwa na hakuridhia. Kampuni haitaki aibu. Amekuta kwenye karatasi jina la shahidi, na anaomba kuthibitisha: je, ni yeye aliyeshuhudia bibi akiweka dole gumba?

 Dada hakuwa amesikia habari za dole gumba wala shahidi. Nilimwona anaziunganisha, kipande kwa kipande, kama anavyounga gauni.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi. Njooni kesho saa nne asubuhi, mumwone mama mwenyewe. Na binamu yetu aje."

Akakata simu.

"Umedanganya," nikasema.

"Nimewafungulia mlango. Kwa simu wangenipiga chenga." Akaenda chumbani, akarudi na daftari la shule, jalada limekunjika. "Wewe hukai hapa, ndiyo maana hujui. Miezi mitatu sasa mtaalamu wa hospitali anamfundisha mama kuandika kwa mkono wa kushoto. Soma."

Herufi zilikuwa kubwa, zimelala ovyo, moja juu moja chini. Ukurasa wa kwanza: MAJI. DIRISHA. ASANTE. Nikafunua, nikafunua. Kisha ukurasa mmoja wote, mstari kwa mstari, maneno mawili hayohayo: ALINISHIKA MKONO. ALINISHIKA MKONO. ALINISHIKA MKONO.

"Aliandika hivyo Jumamosi ile baba alipomwosha wino," dada akasema. "Nikamuuliza nani. Akaweka kalamu chini. Nimemuuliza mara tatu, kila mara anaiweka chini. Nilidhani ni mambo ya ugonjwa. Sasa najua. Ni yule mshenzi, mtoto wa mjomba. Kesho atamtaja mbele ya mwanasheria."

Alikuwa anamfikiria Binamu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Baba alikuwa pale, dada pale, mama pale. Badala yake nikasema, "Yule ndugu hana haya." Na mpaka naondoka nilikuwa nimeanza kulisadiki.

Saa nne kamili walikuwa sebuleni. Mwanasheria na mkoba wake. Binamu na keki kubwa ndani ya boksi, kamletea shangazi, ananichekea kwa jicho moja. Alipoliona daftari kwenye mapaja ya mama, keki ikamwelemea mikononi, akaitua sakafuni.

"Kabla hatujaanza," dada akasema, "ile sahihi ya shahidi si yangu. Sijawahi kuiona karatasi hiyo. Jana nilisema ndiyo ili mfike."

Mwanasheria akainua macho taratibu kwa Binamu.

"Ni makosa ya ofisini," Binamu akasema. "Haraka haraka za kazi."

"Tutafika huko," mwanasheria akasema. Akavuta kiti akakaa mbele ya mama, magoti karibu kugusana. Hapo nikampenda kidogo, maana hakupaza sauti kama wanavyofanya wengi, wakidhani aliyefungwa ulimi ni kiziwi. "Bibi, nataka ujibu mwenyewe. Ukisema hukukubali, kionjo kinaondolewa leo, mkataba unavunjika, na aliyechukua dole gumba lako atajibu mbele ya sheria. Ukisema ulikubali, na karatasi ikawa sawa, sauti ni yetu moja kwa moja, na sitakuja tena. Je, ulikubali, au ulilazimishwa? Na kama ulilazimishwa, nani?"

Dada akamtilia kalamu mkono wa kushoto, akamshikia daftari.

Mama hakuandika. Alitupitia kwa macho, mmoja mmoja. Binamu akatazama keki yake. Baba akamwinamishia kichwa, usiogope. Akanifikia mimi, akatulia hapo.

Nilidhani nitaliona jina langu. Wallahi nusu yangu ililitamani.

Akaandika. Ilichukua muda, ncha ya kalamu ikikwaruza, mate yakimtiririka kidevuni na hakuna aliyethubutu kumfuta. Mwanasheria akalisogeza daftari, akasoma kwa sauti.

"Nilikubali."

"Mama," dada akasema. "Mama, hapana. Andika ulivyoniandikia mimi." Akaanza kufunua kurasa za nyuma, vidole vinamteleza. Mama akauweka mkono wa kushoto juu ya daftari, akalifunga.

Alinikinga. Nilimkandamiza kwa kiwiko changu, na yeye kwa mkono uleule akanikinga. Nilitamani anitemee.

Binamu alishusha pumzi mpaka ikasikika. "Nilisema mimi. Shangazi ni mtu wa kuelewa." Akaanza kufungua boksi la keki, harufu ya siagi ikatujaa puani.

"Bado," mwanasheria akasema. "Karatasi haina shahidi halali. Nahitaji mtu aliyekuwepo chumbani dole gumba lilipowekwa, athibitishe kwamba liliwekwa kwa hiari. Asipokuwepo, neno la bibi pekee halitoshi, na nitalazimika kuuvunja mkataba. Kuna mtu alikuwepo?"

Binamu, krimu kwenye kidole, akaninyooshea.

"Huyu. Yeye ndiye aliyelichukua. Muulizeni."

Dada aligeuka polepole. Baba hakugeuka. Alikuwa anautazama mkono wa kulia wa mama, ule wenye dole gumba alilolisugua kwa kijibrashi, na niliona midomo yake ikihesabu siku kurudi nyuma mpaka Jumamosi ya kinyozi.

Mwanasheria akaigeuza karatasi ielekee kwangu. Akaichukua kalamu mkononi mwa mama, akanipa.

"Uliona bibi akikubali?"

Nikisema ndiyo, sauti yake itafukuza watu milangoni milele. Nikisema hapana, nimemfanya mama mwongo mbele ya mgeni, baada ya yeye kunyanyua kalamu kwa tabu ile ili aniokoe. Mama alikuwa ananitazama, macho makavu, anasubiri.

"Mwanangu," baba akasema nyuma yangu, kwa upole uleule wa siku ya beseni. "Kabla hujaandika, nitazame usoni."

Sikumtazama. Nikaishika kalamu.